Kamati ya kusukuma mashauri ya jinai Dar: nini kiwekwe mezani ili kikao kisiishie kwenye chai na lawama?

Karani_wa_Masjala

Wakuu, salaam. Naomba mwongozo wa kiutendaji kwa wanaoijua kazi hii. Mjadala wa ripoti ya Tume ya Haki Jinai ya 2023 una uzi wake, tusiuhamishie hapa.

Tuchukue kamati ya kusukuma mashauri ya mahakama moja ya wilaya hapa Dar es Salaam. Inakaa kila robo mwaka chini ya Hakimu Mfawidhi. Waalikwa ni ofisi ya mashtaka, OC-CID (mkuu wa upelelezi wa polisi wilaya), magereza, TAKUKURU, uhamiaji, ustawi wa jamii, huduma za uangalizi, na mawakili wa kujitegemea kupitia chama chao, TLS. Mahakama inalalamika kwamba upelelezi unachelewa. Polisi wanajibu jalada liko kwa wakili wa serikali. Wakili wa serikali anasema alishalirudisha na maelekezo. Magereza wanataja gari, na Mkemia Mkuu wa Serikali, anayepima vielelezo maabara, anasemwa kwa kuwa hayupo. Kumbukumbu zinathibitishwa, chai inaletwa, tunaonana robo ijayo.

Nauliza: karatasi gani iandaliwe kabla ya kikao, ina nini ndani, na nani aiandae? Mambo gani yanaoza katikati ya ofisi mbili bila yeyote kuyaona kuwa ni ya kwake? Na mipaka iko wapi, maana hakimu anayekaa meza moja na mpelelezi na wakili wa serikali ndiye kesho anasikiliza kesi yao?

---

Jalada_Kivuli

Mkuu Karani, anza na karatasi, mengine yatafuata.

Vikao hivi vinakwama kwa sababu kila taasisi inakuja na jumla yake. Mahakama inahesabu mashauri, magereza wanahesabu watu, polisi wanahesabu majalada. Hesabu hizo haziwezi kulingana hata siku moja: shauri moja lina washtakiwa sita, mahabusu mmoja ana mashauri matatu, na jalada moja la polisi lenye namba moja ya IR (rejista ya upelelezi) linaweza kuzaa hati mbili za mashtaka. Mkianza kubishana nani ana takwimu sahihi, asubuhi imekwenda.

Kipimo kiwe mtu mmoja ndani ya shauri moja. Kila mshtakiwa aliye ndani apewe mstari wake: jina kama lilivyoandikwa kwenye hati ya mahabusu, namba ya shauri, namba ya IR na kituo, kosa, tarehe aliyofikishwa mahakamani mara ya kwanza, gereza aliko, hatua ya shauri. Halafu safu tatu za mwisho, ambazo ndizo kikao chenyewe: kinasubiriwa nini, kiko kwa nani, tangu lini.

Katika safu ya "kinasubiriwa nini" piga marufuku maneno "upelelezi haujakamilika". Yaandikwe jina la kitu: ripoti ya Mkemia, maelezo ya shahidi fulani, taarifa za miamala kutoka benki, kibali cha DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka). Kitu kikipata jina, hata mtu wa kukifuata anajulikana. Kikikosa jina, mpelelezi mwenyewe huenda hajui anachotafuta, na hilo nalo ni jibu.

Orodha ya msingi itoke gerezani, siyo masjala. Gereza linajua kwa hakika nani amelala pale usiku wa jana. Wiki moja kabla ya kikao, mkuu wa gereza atume orodha ya mahabusu wa mahakama hiyo, masjala iilinganishe na yake mstari kwa mstari. Anayeonekana gerezani na haonekani mahakamani ndiye ajenda ya kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Mara nyingi mtakuta moja kati ya haya: hati yake ya mahabusu imepitwa na tarehe, shauri lilifutwa na karatasi haikufika gerezani, au hati ya mashtaka ilibadilishwa, shauri likapewa namba mpya, na gereza bado linamsubiri kwa namba ya zamani.

Panga orodha kwa muda wa kukaa ndani, wa muda mrefu juu. Kumi wa mwanzo mjadili mmoja mmoja. Waliobaki wapitieni kwa makundi ya kinachosubiriwa, msisome majina mia mbili kwa sauti.

Sasa saa za kisheria. Mshtakiwa aliye rumande haahirishiwi zaidi ya siku 15 kwa mara moja, ndiyo maana mnasikia "kutajwa" kila baada ya siku 14. Hiyo kila mtu anaijua. Inayosahaulika ni ile ya jumla: kwa mashauri ambayo mahakama ya chini ina mamlaka nayo, maahirisho ya kungoja upelelezi hayatakiwi kuzidi siku 60 kwa ujumla bila hati. Ya kwanza hutolewa na mkuu wa upelelezi wa mkoa (RCO), inayofuata na wakili wa serikali, na baada ya hapo ya DPP, huku ukomo wa yote ukiwa miezi 24. Kuna makosa makubwa yaliyotengwa na ngazi hiyo, kwa hiyo kila mstari usomwe na kosa lake. Kasoro ya kawaida ni hati kuletwa siku ya 63, wakati siku ya 60 imeshapita na hakimu hana cha kuongezea. Dawa yake haihitaji kikao: karani atoe orodha ya waliofikisha siku 45 kila Ijumaa, iende ofisi ya mashtaka na nakala kwa RCO. Siku 15 zinatosha kuandika hati yenye sababu, siyo ile ya kunakili ya mwezi jana na kubadilisha jina.

Kuna jambo jingine watu hawaliweki mezani. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2022, kesi za kawaida zisifunguliwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa makosa makubwa na yale ya Mahakama Kuu. Ni jambo jema, lakini ucheleweshaji haukufa, ulihamia kituoni. Mtuhumiwa sasa yuko nje kwa dhamana ya polisi, anaripoti kituoni kila wiki miezi na miezi, na jalada linatembea kati ya kituo na ofisi ya mashtaka. Ukiangalia takwimu za mahakama peke yake utadhani mambo yamenyooka. Kwa hiyo karatasi iwe na sehemu ya pili: majalada ambayo hayajafika mahakamani, yenye tarehe ya kufunguliwa, tarehe ya kwenda kwa wakili wa serikali, tarehe ya kurudi, na idadi ya safari. Jalada lililokwenda na kurudi mara nne lina tatizo la maelekezo, siyo la miguu.

Na maelekezo yenyewe yaandikwe kwa namba, kila namba na tarehe ya mwisho. "Kamilisha upelelezi" si maelekezo. "1. Chukua maelezo ya mlinzi wa zamu ya usiku. 2. Leta daftari la kuingia na kutoka la tarehe fulani" ni maelekezo. Mpelelezi akihamishwa, aliyekuja anaanzia namba 2. Asipoachiwa orodha ataanza kusoma jalada upya, na kila anayelisoma upya anagundua shahidi mwingine wa kumtafuta. Ndiyo maana jalada kivuli libaki ofisi ya mashtaka, nakala ya kila kinachoongezwa iingie humo siku hiyo hiyo.

Mwisho kwa upande huu, kesi za uhujumu uchumi. Zinahitaji kibali cha DPP, na zikisikilizwa mahakama ya chini zinahitaji pia hati ya kuipa mahakama hiyo mamlaka. Ni nyaraka mbili tofauti. Moja ikikosekana, au ikitaja kifungu kisichohusika, rufaa inafuta mwenendo mzima baada ya mtu kutumikia kifungo miaka kadhaa. Weka safu ya ndiyo/hapana kwa kila moja. Na kwa kuwa Toleo la Marejeo la Sheria la 2023 lilianza kutumika Julai 2025 na vifungu vingi vimebadilika namba, vielelezo vya hati vilivyohifadhiwa kwenye kompyuta za ofisi ni mtego. Vifutwe vyote, viandikwe upya.

---

Stoo_PF16

Jalada_Kivuli kamaliza karatasi, mimi naongezea vitu vyenyewe, maana kesi nyingi zinafia stoo.

Tangu uamuzi wa Paulo Maduka na wenzake (rufaa ya jinai namba 110 ya 2007), Mahakama ya Rufani inataka mnyororo wa karatasi: nani alikamata, nani alipokea, nani alitunza, nani alipeleka wapi, mpaka kielelezo kinapowekwa mbele ya hakimu. Baadaye mahakama ikasema kwa vitu visivyobadilika mkono kirahisi mlegezo upo. Meno ya tembo hayafanani na kete za heroini. Sasa tatizo la Dar ni kwamba mlegezo huo umechukuliwa kama ruhusa ya kutokuandika kabisa.

Kwenye kikao, msijadili "utunzaji wa vielelezo" kwa ujumla. Chagueni mashauri matano yaliyoko hatua ya kusikilizwa na OC-CID aje na taarifa ya kila kielelezo kwa mpangilio huu. Kwanza hati ya ukamataji: ina saini ya shahidi huru? Risiti ilitolewa? Pili lebo, PF145, imefungwa kwenye kitu chenyewe na siyo kwenye mfuko wa nje tu? Tatu rejista ya vielelezo, PF16: kila kilipotoka kwenda maabara au mahakamani na kurudi kumeandikwa tarehe, saa, jina na saini ya pande zote mbili? Mapengo mengi yako hapa. Kielelezo kinatoka Jumatatu kwenda Mkemia, kinapokelewa Jumatano. Jumanne kililala wapi? Wakili wa utetezi ataliuliza swali hilo na shahidi atabaki anatazama dari.

Linalofuata ni ofisi ya mashtaka kutangaza orodha ya mashahidi wa mnyororo mapema. Kila jina kwenye PF16 ni shahidi anayeweza kuhitajika. Ukibadilisha watunza stoo mara tatu umejiongezea mashahidi watatu, na mmoja wao leo yuko Kigoma. Waliokabidhiana wawe wachache.

Vielelezo vinavyooza, kwa mfano samaki waliovuliwa kwa baruti au nyamapori, vina utaratibu wake na unakosewa kila siku. Polisi wanamwendea hakimu na fomu ya orodha ya vitu, hakimu anasaini, vitu vinateketezwa. Mahakama ya Rufani imeshasema mshtakiwa lazima awepo mbele ya hakimu huyo na apewe nafasi ya kusema lolote kabla amri haijatolewa. Fomu ambayo haina alama yoyote kwamba mtu alisikilizwa hutupwa kwenye rufaa, na kielelezo chenyewe ni majivu. Hii irekebishwe kwa kuongeza mistari miwili kwenye fomu: maneno ya mshtakiwa, na saini au dole gumba lake. Picha zipigwe kabla, aliyepiga ajulikane kwa jina.

Kuhusu stoo yenyewe: pikipiki. Nenda kituo chochote kikubwa uone zilivyopangwa nje, zinaota majani. Nyingi ni za mashauri yaliyokwisha. Kila hukumu iwe na amri ya kielelezo: kirudishwe kwa nani, kitaifishwe, au kiteketezwe. Hukumu ikinyamaza, mtunza stoo hana mamlaka ya kukitoa. Masjala ikipeleka kituoni orodha ya mashauri yaliyomalizika kila mwezi, pamoja na amri zake, eneo linapungua lenyewe.

---

Lango_Kuu

Upande wa magereza, naona tunatajwa kwa gari tu.

Gari kweli ni tatizo, lakini angalieni ramani kwanza. Mahabusu wa Dar wako zaidi Keko na Segerea, wanawake wako Segerea, na Ukonga ni gereza kuu lenye wafungwa. Mahakama zimetawanyika: Kisutu mjini inapokea kesi za mkoa mzima, kisha ziko za wilaya za Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Polisi nao hawakugawanyika hivyo, Kanda Maalum yao ya Dar ina mikoa mitatu ya kipolisi. Kwa hiyo karandinga moja linaweza kutakiwa lipite mahakama tatu asubuhi moja, kwenye foleni mnayoijua. Mahakama ya mwisho kwenye mzunguko inapata watu wake karibu na saa sita, hakimu ameshaahirisha.

Hapa hakuna haja ya gari jipya ili kupunguza hasara. Mahakama zikikubaliana siku, mfano kutajwa kwa mahabusu wa Keko kuwe Jumatatu na Alhamisi kwa mahakama A, Jumanne na Ijumaa kwa mahakama B, safari zinapungua karibu nusu. Kinachozuia ni kila hakimu kupanga tarehe yake peke yake. Hilo linaamuliwa na mahakimu wafawidhi wenyewe, kwa hiyo likae kwenye kikao cha mkoa, la sivyo wilaya moja itakubali na nyingine itavuruga.

Orodha ya wanaotakiwa ifike gerezani siku mbili kabla, na iwe na majina kamili matatu. Juma Ally wako wengi. Mtu mwenye mashauri mawili aandikwe yote mawili, kwa sababu mahakama mbili zikimtaka siku moja tutampeleka kwenye moja, na ile nyingine itaandika "mshtakiwa hakuletwa" kana kwamba amekataa.

Mahakama mtandao inafaa kwa kutajwa. Kisutu imekuwa ikiunganishwa na magereza kwa video tangu 2020. Kwa kusikiliza mashahidi sishauri, maana kielelezo kinaonyeshwaje, na mshtakiwa asiye na wakili atamnong'oneza nani? Hata kwa kutajwa, chumba cha gerezani kiwe na saa zake kwa kila mahakama: dakika 60 za mahakama A, dakika 15 za kubadilisha watu, kisha mahakama B. Bila ratiba hiyo kila karani anapiga simu saa tatu asubuhi na chumba ni kimoja.

Linalouma zaidi ni dhamana. Mshtakiwa anatimiza masharti saa tisa alasiri: wadhamini wawili wamekuja na barua za serikali ya mtaa na vitambulisho vya NIDA, karani amehakiki, hakimu amesaini. Hati ya kumwachilia inakabidhiwa nani? Mara nyingi anapewa ndugu, ndugu anapanda daladala, anafika lango limeshafungwa na hesabu ya jioni imepita. Mtu analala ndani usiku mwingine akiwa huru kisheria. Na gereza lina wajibu wa kuithibitisha hati kabla ya kumfungulia mtu, kwa sababu za kughushi zipo. Kinachotakiwa ni uhakiki wa wadhamini kufanyika asubuhi, hati kutumwa kwa njia ya kiofisi na nakala kwenye barua pepe ya gereza, na namba ya simu moja ya masjala inayopokelewa mpaka saa kumi na moja. Pimeni jambo hili kwenye kikao: muda kati ya saini ya hakimu na mtu kutoka langoni. Ni kipimo ambacho hakuna taasisi inayoweza kukirusha kwa mwenzake, kwa kuwa nusu ni cha mahakama na nusu ni chetu.

---

Msomi_wa_Utetezi

Nimesoma kwa makini. Nakubaliana na mengi, ila kuna mahali mnateleza na Karani aliuliza wazi kuhusu mipaka.

Stoo_PF16, hayo mashauri matano "yaliyoko hatua ya kusikilizwa" yasijadiliwe mbele ya hakimu. Ukimwambia OC-CID kikaoni kwamba PF16 ina pengo la Jumanne, hakimu amesikia ushahidi nje ya mahakama, na upande wa mashtaka umepewa muda wa kuziba pengo mshtakiwa akiwa hayupo. Wakili akija kujua, ataomba hakimu ajitoe na atakuwa na haki. Ukaguzi huo ufanywe na ofisi ya mashtaka na polisi peke yao, ni kazi yao ya kila siku. Kamati ipewe tu jumla: majalada mangapi yamekaguliwa, mangapi yamerudishwa kwa ajili ya mnyororo. Au kagueni yaliyokwisha kuamuliwa, hapo hakuna atakayeumia na mafunzo ni yale yale.

Kanuni ya kidole gumba ninayopendekeza: kamati iongelee tarehe, mahali, karatasi na watu wanaotakiwa kufika. Isiongelee kama shahidi anaaminika, kama mtu ana hatia, adhabu gani inafaa, au kwa nini hakimu fulani alitoa dhamana. Malalamiko juu ya uamuzi yana njia yake, rufaa au marejeo. Polisi wakianza kusema "mahakama inawaachia wahalifu wetu", mwenyekiti afunge hoja hiyo pale pale na kumbukumbu zionyeshe ameifunga.

Hata ile orodha ya kumi wa juu ya Jalada_Kivuli inahitaji tahadhari. Safu ya kosa ibaki, lakini maelezo ya kosa yasiwemo. Na mwakilishi wa TLS apewe karatasi siku ile ile wanayopewa wengine. Kumwalika kikaoni na kumkabidhi karatasi mlangoni ni kumfanya pambo. Mahabusu wasio na wakili ndio wengi kwenye orodha hiyo, kwa hiyo ongezeni safu moja: ana wakili, hana. Walio na mashtaka mazito na hawana, waunganishwe na watoa msaada wa kisheria chini ya sheria ya 2017. Maafisa msaada wa kisheria wakiingia gerezani na orodha mkononi wanafanya kazi mara tatu ya wakiingia kuulizia nani ana shida.

---

Stoo_PF16

Msomi, nimekubali kwenye mashauri yanayoendelea. Tuchukue yaliyoamuliwa, hasa yale ambayo rufaa ilimwachia mtu kwa sababu ya mnyororo. Hukumu zinasomeka wazi mtandaoni, pengo limetajwa kwa tarehe.

---

Karani_wa_Masjala

Nashukuru sana wakuu. Naomba kuongeza mambo mawili: mashahidi wa kitaalamu (daktari aliyejaza PF3, fomu ya polisi ya matibabu, na Mkemia) kutokufika, na watoto. Kwenye orodha zetu mtoto mmoja mmoja hujitokeza gereza la watu wazima na kila mtu anashtuka kikaoni kama ndiyo mara ya kwanza.

---

Jalada_Kivuli

Kuhusu daktari: samansi inapelekwa hospitali aliyokuwa akifanya kazi siku ya kujaza PF3, kumbe alihama. Mpelelezi achukue namba ya usajili wa daktari na simu yake siku ile PF3 inapojazwa, ziandikwe kwenye jalada. Halafu mahakama ipange siku za madaktari: asubuhi moja kwa mwezi kwa kila hospitali kubwa, mashauri yote yanayomhitaji daktari wa hospitali hiyo yawekwe hapo. Daktari anayeitwa mara moja kwa mashauri manne atakuja. Anayeitwa siku nne tofauti na kukuta shauri limeahirishwa siku tatu hatarudi, na hapo hakuna posho itakayomvuta.

Kuna njia ya PF3 kupokelewa bila daktari kufika, lakini hakimu lazima amweleze mshtakiwa haki yake ya kutaka daktari aitwe ahojiwe, na ionekane kwenye mwenendo. Isipoonekana, PF3 inaondolewa kwenye ushahidi wakati wa rufaa.

Usikilizwaji wa awali utumieni vizuri. Hapo ndipo pande mbili zinakubaliana mambo yasiyobishaniwa. Kama mshtakiwa wa bangi anabisha kwamba haikuwa mkononi mwake na habishi kwamba ni bangi, ripoti ya Mkemia inaweza kukubaliwa hapo na safari ya mtaalamu ikaisha. Wengi wanausoma ule ukurasa kwa dakika mbili: "jina na makazi hayabishaniwi." Ni nafasi inayotupwa.

Maabara ya Mkemia Mkuu kwa hapa Dar iko Barabara ya Barack Obama pale Ocean Road, siyo mbali na Kisutu, lakini wataalamu wake wanaitwa na mahakama za nchi nzima. Kwa hiyo mpeni tarehe mapema, na mwalikeni kikaoni angalau mara mbili kwa mwaka aonyeshe sampuli zilizokataliwa mapokezi na sababu zake: lakiri imekatika, fomu haina saini, lebo haifanani na barua.

---

Dawati_la_Watoto

Naomba nijibu la watoto.

Anaingia gereza la watu wazima kwa milango miwili. Wa kwanza ni umri: polisi wanaandika miaka 18 kwa kumtazama usoni, hati ya mashtaka inanakili, hati ya mahabusu inanakili hati ya mashtaka. Wa pili ni kushtakiwa pamoja na mtu mzima. Shauri linakwenda mahakama ya kawaida badala ya Mahakama ya Watoto pale Kisutu, na wote wanapanda karandinga moja.

Utaratibu: afisa ustawi wa jamii apigiwe simu kutoka kituoni, kabla ya maelezo kuandikwa, siyo baada ya kufika mahakamani. Anachohitaji ni cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, na kama havipo, kiapo cha mzazi au kumbukumbu za shule. Umri ukibishaniwa, mahakama ifanye uchunguzi na kuandika uamuzi, isiache "inasemekana ana miaka 17" ikielea kwenye jalada. Akikosa dhamana, aende mahabusu ya watoto ya Upanga, na hati iandikwe hivyo. Hati ikisema "gereza", askari atampeleka gerezani hata kama anaona ni mtoto, kwa kuwa hana mamlaka ya kubadilisha hati.

Bwana Lango_Kuu, mapokezi ya gereza ndiyo kizuizi cha mwisho. Ofisa wa mapokezi akimtilia shaka, ampigie nani? Kama namba ya afisa ustawi wa zamu haijabandikwa ukutani, atamwandikisha na atasubiri kikao cha robo mwaka.

---

Lango_Kuu

Dada, tumpokee kwa kuwa hati ni halali, tumtenge na wakubwa usiku huo, na taarifa iende kwa Hakimu Mfawidhi asubuhi yake kwa maandishi. Namba ya zamu ikiwepo tutapiga. Tatizo namba tulizonazo nyingi ni za maafisa binafsi, akienda likizo simu inaita bure. Iwe laini ya ofisi, inayokabidhiwa kwa zamu.

---

Karani_wa_Masjala

Nimeandika. Kwa kikao kijacho nitaweka karatasi yenye safu 11 (safu ya wakili imeongezwa), sehemu ya pili ya majalada ya dhamana ya polisi, orodha ya siku ya 45 kila Ijumaa, na muda wa saini ya hakimu mpaka langoni. Laini ya zamu ya ustawi naipeleka kama ombi la barua kabla ya kikao. Mwenye mfano wa rejista ya kupokelea hati za kuachilia gerezani naomba aweke picha, majina yafutwe.

---

Lango_Kuu

Safu ziwe: tarehe, saa iliyosainiwa, saa iliyopokelewa langoni, aliyeleta, aliyethibitisha masjala kwa simu, saa ya mtu kutoka. Ukiacha safu ya "aliyethibitisha" kila mtu atasema alipiga simu.